MAC-10 kwenye Counter-Strike 2: inakokubeba, inakokuangusha, na namna ya kuitumia

Maswali matatu hayaishi kwenye kumbi za gemu za Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni. La kwanza: mbona nimemmwagia mtu magazini nzima na bado kasimama? La pili: ninunue MAC-10 au nibane hela nisubiri AK-47? La tatu ni la mgeni kabisa: mbona wenzangu wanayo na kwangu haionekani? Mwongozo huu unayajibu yote. Umeandikwa kwa ajili yako unayejua kutembea, kulenga na kununua, ila rashasha hii fupi bado hujaielewa.

Shika jambo hili kwanza, mengine yatafuata: MAC-10 inapimwa kwa hela na kwa umbali. Hela ikiwa chache na adui akiwa karibu, bunduki chache za upande wa T (wanaotega bomu) zinalipa kama hii. Adui akiwa mbali, unabeba kelele tu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Gemu yenyewe, iliyosasishwa. Inapatikana bure kwenye Steam. Masasisho yake huwa mazito, kwa hiyo kama unatumia bando la simu, yapakue usiku na mapema, usisubiri wenzako wameshakaa kukungoja.
- Mausi isiyoruka na pedi pana. MAC-10 inataka mkono uvute chini kwa muda mrefu. Pedi ndogo inaisha kabla risasi hazijaisha. Joto na unyevu wa pwani hulowesha kiganja, basi weka kitambaa kikavu karibu na ukaushe mkono kati ya raundi.
- Hedifoni, hata za bei ndogo. Bunduki hii inakudai usogee karibu na watu, na huwezi kuwasogelea watu ambao huwasikii nyayo.
- Intaneti unayoijua hali yake. Fungua mipangilio, nenda sehemu ya Game, kisha Telemetry, uwashe pingi (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi) na upotevu wa paketi vionekane kwenye skrini. Hapo hapo kwenye Game kuna kikomo cha pingi unayoikubali. Kishushe usije ukatupwa kwenye seva ya Ulaya. Seva za Valve zinazotufaa zaidi sisi wa huku ziko Johannesburg na Dubai.
- Konsoli. Iwashe kwenye mipangilio ya Game, halafu uifungue kwa kitufe kilicho chini ya Esc.

Namba za kukariri

MAC-10 inauzwa dola 1,050. Magazini ina risasi 30, na inafyatua risasi 800 kwa dakika, maana yake ukishikilia kitufe magazini inaisha kwa sekunde 2.25. Ukimuua mtu nayo unalipwa dola 600, wakati AK-47 inalipa 300. Ukiishika unakimbia kwa kasi ya 240. Mwenye kisu anakimbia 250 na mwenye AK-47 anakimbia 215. Usichanganye namba hizi na za bunduki halisi yenye jina hilo, ambayo hufyatua zaidi ya risasi 1,000 kwa dakika. Ya kwenye gemu imepunguzwa.

Sasa tuje kwenye uchungu wake. Risasi moja ina nguvu ya 29, na mtu mwenye vesti anapokea asilimia 57.5 tu ya hiyo. Zaidi ya hapo, nguvu inashuka kwa asilimia 20 kila hatua 500 za gemu. Hatua 500 ni kama mita 12.7, yaani umbali wa penalti pale uwanja wa Mkwakwani ukiongeza hatua mbili za mtu mzima. Ukipiga hesabu unapata hivi:

- Karibu kabisa: kifuani kwa mwenye vesti ni 16, anakufa kwa risasi saba. Kichwani kwa mwenye helmeti ni 66, risasi mbili. Kichwani bila helmeti ni 116, risasi moja.
- Mita 12.7: kifuani kwa mwenye vesti ni 13, risasi nane. Kichwani kwa mwenye helmeti ni 53, risasi mbili. Asiye na helmeti anapokea 92, naye anabaki hai.
- Mita 25: kifuani kwa mwenye vesti ni 10, risasi kumi. Kichwani kwa mwenye helmeti ni 42, risasi tatu.

Risasi saba kwa mwendo huo zinachukua sekunde 0.45. AK-47 inamaliza kazi ile ile kwa risasi nne, sekunde 0.3, na ikigonga kichwa chenye helmeti moja inatosha. Kwa hiyo hata pua kwa pua, mkisimama mmelengana kifuani, mwenye AK-47 anakushinda. Kinachokufanya ushinde wewe ni kasi ya miguu, kufyatua ukiwa unakimbia, na kumkuta kabla hajakulenga. Hatua zote hapa chini zinatoka kwenye ukweli huo.

Hatua kwa hatua

1. Iweke kwenye orodha yako. Katika Counter-Strike 2 huoni bunduki zote kwenye menyu ya kununua. Unachagua zako kabla ya mechi: bastola tano, za kati tano na kubwa tano. Nenda Loadout, chagua upande wa T, hakikisha MAC-10 iko kati ya zile za kati. Upande wa CT (wanaozuia bomu) haiuzwi kabisa. Huko mwenzake ni MP9. Ukipenda kununua kwa kitufe kimoja, andika kwenye konsoli:

bind "kp_1" "buy mac10"

Hapo namba 1 ya pembeni ya kibodi itainunua bila kufungua menyu.

2. Tengeneza uwanja wa mazoezi. Anzisha mechi ya mazoezi na boti (wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta) kwenye ramani ya Mirage au Dust II, ingia upande wa T, kisha andika moja moja:

sv_cheats 1
mp_warmup_end
mp_roundtime_defuse 60
mp_freezetime 0
mp_buy_anywhere 1
mp_buytime 9999
mp_startmoney 16000
mp_free_armor 2
sv_showimpacts 1
bot_stop 1
mp_restartgame 1

Ile mp_free_armor 2 inawapa boti vesti na helmeti. Usiiache. Anayefanya mazoezi kwa boti wasio na vesti anajidanganya, maana bila vesti mtu anakufa kwa risasi nne za kifuani, na hayo ndiyo mazoea atakayoyaingiza kwenye mechi. Na sv_showimpacts inaonyesha kila risasi ilipogonga; utashangaa zinavyotawanyika ukutani kuliko ulivyodhani.

3. Ufundishe mkono kuvuta. Simama karibu mita tano kutoka ukutani. Fyatua magazini nzima bila kugusa mausi, uangalie: zinapanda kwanza, halafu zinaanza kuyumba kushoto na kulia. Rudia, safari hii ukivuta mausi chini taratibu tangu risasi ya pili. Lengo lako si kuzikusanya zote 30. Shughulika na kumi za kwanza, kwa sababu karibu kila mapambano ya MAC-10 yanaamuliwa ndani ya hizo. Ukiona kumi zako zinatua kwenye eneo la ukubwa wa kifua cha mtu, sogea mbele.

Msalaba wa kulengea uuweke wapi? Chini kidogo ya shingo. Risasi mbili tatu za mwanzo zinaingia kifuani, na mpando wa bunduki unazileta zinazofuata kichwani. Anayeanza moja kwa moja na kichwa mara nyingi anafyatua juu ya helmeti.

4. Pima umbali kwa macho. Muweke boti kwa amri ya bot_place, umsogelee kutoka mbali huku ukifyatua mafungu ya risasi sita sita ukiwa unakimbia. Kuna mahali utaanza kuona alama nyingi ukutani kuliko mwilini. Kumbuka mahali hapo kwa macho, wala usihangaike na namba. Ndani ya mpaka huo unafyatua ukikimbia. Nje ya huo unasimama kwanza: gusa kitufe cha upande wa pili ili mwili ukome, fyatua risasi tatu hadi tano, sogea tena. Kama ni mbali zaidi hata kwa hilo, usifyatue. Ukifyatua unamwambia mwenye AWP, bunduki ya kudungua kutoka mbali, ulipo na huna cha kumfanya.

5. Nunua kwa hesabu. Hapa ndipo MAC-10 inapokubeba kweli, na ndipo wageni wengi wanapokosea, kwa hiyo twende polepole.

Raundi ya kwanza, ya bastola, unaanza na dola 800. Ukanunua vesti ya 650, ukabaki na 150. Mkishinda kwa kuwaua wote mnapata 3,250 kila mmoja. Bomu likilipuka ni 3,500. Tuseme 3,250 na hukuua mtu: una 3,400. Raundi ya pili wapinzani mara nyingi hawana hela, wengi watakuja na bastola, wengine bila helmeti. Huo ndio wakati wake. MAC-10 ni 1,050. Vesti na helmeti kwa pamoja ni 1,000, lakini kama ulibaki hai na vesti yako nzima, unaongeza helmeti tu kwa 350. Bomu la mwanga ni 200, molotovu (chupa ya moto) 400. Hata ukinunua vyote kwa bei kamili unatumia 2,650 na unabaki na 750.

Sasa ukiua wawili unaongeza 1,200, na ushindi 3,250. Unaingia raundi ya tatu na 5,200. AK-47 ni 2,700, vesti na helmeti 1,000, mabomu juu yake, na bado unabaki na akiba. Aliyenunua AK-47 raundi ya pili akaua wawili wale wale amepata 600 tu, na alitumia zaidi ya mara mbili kwa bunduki. Watu watatu kwa MAC-10 ni dola 1,800. Imejilipa, imelipa na vesti ya mwenzako.

Wakati wa pili wa kuinunua ni pale timu nzima imeamua kulazimisha: mmepoteza, hela hazifiki AK-47, lakini hamtaki kuwaachia raundi. MAC-10 na vesti ni 1,700, pamoja na helmeti 2,050. Ila mkubaliane wote. Mmoja akilazimisha peke yake huku wanne wanabana hela, atakufa peke yake na raundi ijayo yeye ndiye atakayeomba kununuliwa.

Usiinunue hela ya AK-47 ikiwepo na wapinzani wamejipanga kamili. Bei rahisi si sababu ya kwenda vitani na bunduki ndogo.

Ukikosea kununua, rudi kwenye menyu uirudishe kabla muda haujaisha na kabla hujaitumia. Hela inarudi yote.

6. Chagua njia inayoifaa. Tafuta vyumba, kona na milango. Epuka mistari mirefu. Mirage, pita kwenye vyumba vya kuingilia B au Palace ya kuingilia A (A na B ni sehemu za kutegea bomu). Katikati ya Mirage, mbele ya dirisha la mwenye AWP, si mahali pako. Dust II, njia ya mahandaki kwenda B inakufaa sana. Long A inakuua. Inferno watu wengi wanaitumia kwenye Banana, njia ya kwenda B, na inafanya kazi mwanzoni mwa raundi mkiwa na molotovu na mabomu ya mwanga, lakini fahamu kwamba Banana yenyewe si fupi. Ukichelewa, akishajipanga mtu nyuma kwa bunduki kubwa, rudi.

7. Ingia na mwanga, ingia na mtu. Mwenye MAC-10 ndiye anayetangulia, kwa sababu anakimbia haraka na kifo chake hakigharimu timu. Mpangilio uwe huu: mwenzako wa nyuma anarusha bomu la mwanga, wewe unatoka mara linapolipuka, si kabla na si sekunde mbili baadaye. Unapotoka usisimame. Kimbia ukikata pembeni, msalaba ukiwa usawa wa shingo, fyatua ukiwa karibu. Mwenzako anafuata hatua chache nyuma, ili ukianguka amalize aliyekupiga wakati bado anahangaika na wewe.

Ukibaki na risasi chini ya kumi na hujui kama kuna mwingine, toa bastola. Kujaza risasi kunachukua zaidi ya sekunde mbili na nusu, na kwenye chumba chenye adui hizo ni nyingi mno.

8. Ibadilishe mapema. Ukimuua mwenye M4 au bunduki yoyote kubwa, na eneo ni salama, chukua yake uache yako. Wengi wanaipenda MAC-10 yao hadi wanasahau kwamba bomu likishategwa kazi inageuka: sasa mnangoja, mnashikilia mistari, na mara nyingi adui anakuja kutoka mbali. Hapo bunduki ndogo haina msaada. Ikiwa hakuna ya kuokota, jifiche karibu na bomu, kwenye kona ambayo anayekuja kulitegua lazima apite pua kwa pua na wewe.

Makosa yanayorudiwa sana

*Kuchuchumaa unapofyatua.* Umeilipia miguu, halafu unaisimamisha. Karibu na adui, endelea kusogea.

*Kufyatua ukiruka.* Risasi zinatawanyika, na wewe hewani huwezi kubadili njia. Waliozoea kuona video za watu wakiua namna hiyo wasisahau kwamba zinazokosa hazirekodiwi.

*Kupiga ukutani kwa kubahatisha.* Bunduki za daraja hili hupenya vibaya kuliko bunduki kubwa. Ubao mwembamba labda. Ukuta wa maana, hapana, na umeshajitangaza.

*Timu nzima MAC-10 dhidi ya timu yenye silaha kamili.* Mtaingia mahali pamoja vizuri, halafu hakuna atakayeweza kulishikilia. Angalau mmoja au wawili wawe na kitu kinachofika mbali. Galil AR ni dola 1,800.

*Kuishikilia kwa sababu ilikufaa raundi iliyopita.* Raundi iliyopita hawakuwa na helmeti. Kabla hujanunua bonyeza Tab, angalia matokeo na ukumbuke nani upande ule alibaki na bunduki gani.

Ikigoma

*Haionekani kwenye menyu.* Uko upande wa CT, au hukuiweka kwenye orodha yako ya T. Orodha inabadilishwa kwenye menyu kuu, hivyo kwa mechi hiyo muombe mwenzako akununulie na akuangushie kwa kitufe cha G. Kama unatumia kompyuta ya ukumbini, hakikisha umeingia kwa akaunti yako mwenyewe, si ya aliyekutangulia.

*Kitufe cha kununua hakifanyi kitu.* Uko nje ya eneo la kununulia, muda umepita, au hela haitoshi. Jaribu pia kuangalia kama Num Lock imewaka.

*Amri za konsoli zinakataa.* Baadhi ya hizo hazifanyi kazi mpaka sv_cheats iwe 1, na kwenye seva ya mechi halisi hazikubali kabisa. Zitumie kwenye mazoezi yako mwenyewe.

*Umeona damu na adui hajafa.* Kwanza pima umbali; kumbuka risasi nane hadi kumi. Pili angalia kama zilipiga kifuani zote. Tatu angalia namba za mtandao. Pingi ikiwa juu lakini imetulia, unaweza kuizoea. Inayopanda na kushuka, au paketi zinazopotea, ndiyo mbaya, kwa sababu seva ndiyo inayoamua risasi ipi imegonga. Kama unachezea mtandao wa simu, sogeza simu karibu na dirisha, zima masasisho yanayojipakua nyuma ya pazia, na ikiwezekana iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB badala ya Wi-Fi.

*Skrini inakwama ukiingia kwenye moshi au molotovu.* Hiyo ni kompyuta, si bunduki. Punguza ubora wa vivuli na wa picha kwa ujumla, shusha na ukubwa wa picha yenyewe. MAC-10 inaishi ndani ya sekunde nusu. Skrini ikikwama kwa muda huo tu, umeshakufa.

*Mkono unafika mwisho wa pedi kabla hujamaliza kuvuta.* Kasi ya mausi iko chini mno kwa nafasi uliyonayo. Ipandishe kidogo kidogo, kila mara urudi ukutani na hatua ya tatu kabla hujaigusa tena, na usiibadilishe katikati ya mechi.